Ndovu wa Faranga Mbili

Mwezi wa pili mwaka 1968, pale Bwera, Kahambu alikaa mlangoni akisugua faranga mbili ya Kongo kwa ndimu na chumvi ya Katwe. Sarafu yenyewe ilikuwa ya mwaka arobaini na tatu, ya pembe sita, na ndovu katikati. Umaru, dereva wa lori kutoka Kasese anayekusanya sarafu za zamani, alikuwa ameahidi kumpa mabati sita kwa hiyo moja, nyumba iezekwe kabla ya mvua ya Machi. Alimwambia pia asiioshe. Lakini Kahambu alizaliwa Butembo, kwa watu safi. Kumpa mgeni kitu kichafu, hapana.

Alisugua mpaka ndovu akatoka.

Alikuwa mdogo kama kifaranga cha juma moja. Akajipangusa ndimu machoni, akapiga chafya, akaenda moja kwa moja shambani kula maharage. Kahambu akageuza sarafu, akasugua upande wa pili, kazi isibaki nusu.

Mchana Umaru akafika na mabati yake.

"Mama, ndovu iko wapi?"

"Iko mu maharage."

"Si nilikuambia usioshe?"

"Nikupatie uchafu, baba? Unaniona mutu wa namna gani?"

Umaru aliiangalia ile sarafu tupu inavyong'aa. "Hii sasa ni kifungo cha koti."

"Basi beba na ndovu yake."

"Ndovu ni ya serikali, mama. Watanipokonya lori." Akaondoka na mabati.

Maharage yalipobaki mistari miwili, Kahambu alimtia ndovu kikapuni, akampeleka kwa Ezironi, askari wa wanyama. Ezironi alimpima kwa rula: inchi tatu, bila kuhesabu mkonga.

"Ndovu yote ni ya serikali," akasema. "Ukiuza, jela. Ukiua, jela."

"Sawa, afande. Basi serikali ilipe maharage yangu."

"Hapana. Iliyokula maharage ilitoka kwa sarafu yako. Hiyo ni yako."

"Afande, si iko ndovu moja tu?"

"Ndiyo. Ikikula ni yako. Ikisimama ni ya serikali."

"Na ikilala?"

Ezironi alifikiri sana. "Ikilala, usiamshe."

Mvua ya Machi ilikuja siku yake, ikapita kwenye nyasi kuukuu za paa. Ndovu alisimama juu ya meza, akawa anayavuta matone kwa mkonga na kuyamwaga dirishani. Kahambu hakuhitaji ndoo.

Kila mwisho wa mwezi Ezironi alikuja kuhesabu mali ya serikali. Kahambu alimpa kiti mahali pekee pasipovuja, yeye akasimama kwenye maji. Mara nyingi walimkuta ndovu akitafuna. Ezironi aligeuza uso ukutani, akangoja mpaka ameze.

Kisha akageuka, akaandika: Moja.