Busta ya Mzee Kirpal

Gari la Mzee Kirpal lilisimama, ndiyo, lakini baada ya kulibusu geti la nyumbani kwake, mtaa wa Mountain View jijini Nairobi, na kulipinda. Mzee akashuka uso umemwiva kwa hasira, kilemba kimekaa upande, akalizunguka gari akitafuta wa kulaumiwa. Harleen, binti yake, alibaki kwenye kiti cha abiria roho ikiwa juu juu.

"Hii breki haishiki!" Mzee akafoka. "Pedali iko ngumu kama mawe. Wewe ulifunga nini huko?"

"Nitaangalia tena, Papa ji."

Nyumbani walizungumza Kipunjabi, lakini mambo ya gari Mzee aliyasema kwa Kiswahili cha gereji tu, kwa kuwa ndicho alichojifunzia spana. Na Harleen hakuwa amekaa kwenye kile kiti kwa starehe. Gereji ya Mzee, pale Dagoretti Corner, ilikuwa na sheria ambayo hata wateja waliijua: aliyefunga breki hupanda gari. Mteja akienda kulijaribu gari lake, fundi aliyegusa breki anakaa kando yake, awe na njaa asiwe na njaa. Mzee mwenyewe aliifuata sheria hiyo maisha yake yote, na kila gari alilopanda alilichosha zulia kwa mguu wa kulia, maana dereva akikaribia tuta tu, yeye huku upande wa abiria anakanyaga breki ambayo haipo. Mafundi walimcheka sana. Yeye aliwajibu kwamba mguu wa fundi haustaafu.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Lilifika kutoka ng'ambo ndani ya makasha, vipande vipande: fremu ya chuma, bodi nyepesi ya faiba, maburungutu ya nyaya, na kitabu cha maelekezo ambacho Mzee alikigeuza kabari ya mlango. Aliliagiza baada ya mkewe kufariki, majirani wakasema huzuni imempanda kichwani. Waseme watakavyo. Gari hilo ndilo lililomtoa kitandani. Kila Jumamosi yeye na Harleen walifunga bolti, wakagombana, wakanywa chai, wakazifungua bolti zile zile. Na Mzee alikuwa ameshawatangazia watu wote wa gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, kwamba sikukuu ya Vaisakhi ataingia pale akiliendesha mwenyewe. Ukishatangaza jambo mbele ya wazee wale wenye midomo, huna pa kurudi.

Basi Harleen akaanza kuusaka ugonjwa. Alishuku pedi za breki kwanza. Akaenda River Road kwenye maduka ya vipuri, akapenya katikati ya mikokoteni na wapiga debe, akarudi na pedi laini zaidi zinazouma diski upesi. Mzee akajaribu, akatikisa kichwa. Akashuku masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki, akafunga nyingine nyembamba ili pedali iwe nyepesi. Mzee akajaribu, nusura amgonge paka wa jirani. Kilichomkera Harleen ni kwamba kila alipoliendesha yeye, gari lilisimama palepale, hadi mkanda ukambana kifua.

"Leen, hii kitu iko sawa," Kibe akamwambia. Kibe ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa gereji, aliingia humo akiwa barobaro na sasa ana wajukuu. "Nimeiendesha mpaka Kangemi na kurudi. Breki inashika poa kabisa."

"Papa anasema haishiki."

"Najua vile anasema." Kibe akaifuta mikono yake ambayo tayari ilikuwa safi. "Haya, toeni hewa tena. Labda ni hewa."

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani akikanyaga pedali, mwingine analala chini kando ya gurudumu, anafungua nati ndogo, mafuta yanaruka pamoja na mapovu yake, naye anafunga kabla wa ndani hajaachia. Mzee akaingia ndani. Harleen akalala chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Mafuta yakachuruzika kidogo, kama bomba siku ya mgao wa maji.

"Kwa nguvu, Papa ji!"

"Hii ndiyo nguvu!"

Mara simu ya ofisini ikalia, Mzee akashuka kwenda kuipokea. Kibe akaingia kwenye kiti chake bila kuombwa. Akakanyaga. Mafuta yakaruka yakampata Harleen shavuni.

Alibaki amelala palepale, spana mkononi. Yote aliyokuwa ameyafumbia macho yakamjia kwa mkupuo: kandambili ya kulia inayoburutwa sakafuni asubuhi, kiatu kilichoisha ncha upande mmoja, kujikwaa kule kwenye ngazi, Mzee akisingizia balbu iliyoungua. Tuseme ukweli, hakuanza kujua siku hiyo. Alikuwa akijua kwa mbali, ila masta silinda inauzwa River Road, na mguu wa baba hauuzwi popote.

Alipaswa kumwambia saa ileile. Lakini Mzee alirudi akisugua mikono, macho yanamng'aa kama mtoto anayesubiri nguo za sikukuu, akauliza, "Sasa?" Harleen akakosa moyo.

"Ilikuwa hewa kidogo tu," akasema. "Imetoka."

Kisha akafanya kile anachojua kufanya fundi. Gari jepesi namna ile halikuletwa likiwa na busta, kile chombo cha duara kinachouongezea mguu wa dereva nguvu, na Mzee alizoea kujigamba kwamba lake halihitaji. Wiki ambayo Mzee alikwenda arusini Kisumu, Harleen alitafuta busta ya gari dogo, akakata bamba, akahamisha betri, akaifunga. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Aliifanya kwa woga.

Mzee aliporudi, walilitoa hadi barabara ya mtaa. Akaongeza mwendo, akagusa pedali, gari likatulia taratibu. Akarudia. Likatulia tena. Harleen kwenye kiti cha abiria alikuwa akingoja sifa. Mzee akazima injini.

"Nani alikuambia uweke busta?"

"Ni bora zaidi, Papa ji. Siku hizi watu wengi..."

"Nimekuuliza nani alikuambia."

Mzee akalishika goti lake la kulia kwa mikono miwili, akauondoa mguu kwenye pedali kama anayehamisha mzigo.

"Siku ile ya kutoa hewa," akasema, "nilirudi nikaona mafuta kwenye shavu yako. Mguu yangu hii haiwezi kurusha mafuta mpaka huko. Nikasema, wacha ningoje mtoto yangu aniambie. Wewe ukasema hewa."

"Na wewe, Papa ji, mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenishusha kwa gari."

Harleen alilia hapo hapo barabarani, bila kujali waliokuwa wakipita. Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari akasema neva imebanwa sehemu ya chini ya uti wa mgongo, akauliza mguu ulianza kulegea lini. Baba na binti wakatazamana. Daktari hakuwafokea, na ingekuwa afadhali angewafokea. Alisema tu kwamba wangekuja mapema, nguvu za mguu zingeweza kurudi. Sasa upasuaji ungezuia hali isizidi, lakini zilizopotea wasizitarajie.

Harleen akazirudia moyoni safari zake zote: ya pedi, ya masta silinda, ya busta. Kila mara alishika njia ya River Road, na siku yoyote kati ya hizo angeweza kumchukua baba yake ampeleke kwa daktari. Jambo hilo lilimuuma, na linamuuma hadi leo.

Vaisakhi ikafika. Mzee alitoka uani amevaa kilemba cha rangi ya zafarani, akijikongoja kwa fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria.

"Papa ji, aliyefunga breki ndiye hupanda huko," Harleen akamwambia, akijaribu kutabasamu.

"Nani alikufundisha kufunga? Basi breki ni yangu. Endesha."

Wakateremka na Waiyaki Way hadi mjini. Kwenye lango la gurdwara watu walikuwa wamejaa, wazee wenye midomo wakiwa mbele kabisa, na mama mmoja mwenye sinia akakatiza ghafla. Harleen akashika breki. Gari likatulia vizuri, wala hakuna aliyeshtuka.

Harleen akatupa jicho chini, upande wa abiria. Mguu wa kushoto wa baba yake ulikuwa umelikanyaga zulia kwa nguvu zake zote. Wa kulia ulikuwa umelala kando yake, kama ambao haukupata habari.