Soma Kilichoandikwa

Kazi yangu ilikuwa kucheka. Kwenye makaratasi ya redio niliandikwa mtangazaji msaidizi, lakini Mzee Ampofo, mwenye kituo, siku aliyoniajiri hakunizungusha. "Serwaa," aliniambia, "Ntiamoah akimtukana mtu, wewe cheka. Usipocheka itaonekana ni matusi." Basi nikacheka. Kila Jumamosi asubuhi, wakati Kumasi nzima inafua, inasuka nywele na kupiga pasi nguo za msibani, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba chenye kiyoyozi kibovu, namchekea Ntiamoah, fundi simu.

Redioni alijiita Daktari wa Mashine. Alikuwa na duka pale Adum, na watu walimpigia kumweleza shida za simu zao na kompyuta zao. Aliwasaidia, hilo siwezi kumnyima, ila kwanza alikuvua nguo mbele za watu. Walijua hivyo na bado walipiga. Wengine wakitukanwa vizuri walikwenda kujisifu mtaani.

Printa aliichukia kuliko kitu chochote. "Ina roho ya karani," alisema. "Unampelekea barua nyeusi tupu, anakwambia hawezi, wino mwekundu umekwisha. Mwekundu unamhusu nini?" Mama mmoja alilalamika kwamba simu yake inamwunguza mkono, akamjibu, "Ulinunua simu kwa mshahara wa miezi miwili, halafu ukailisha chaja inayouzwa sinia moja na karanga. Shukuru imekuunguza mkono, wewe ulistahili kichwa." Mzee wa Tafo alisema simu yake imejaa. "Haijajaa, baba, imevimbiwa. Una picha za mawaridi za 'habari za asubuhi' tangu msiba wa mkeo. Futa!" Na wale wanaosasisha programu kila mwezi aliwakusanya wote kapu moja. "Mtu akiingia kwako usiku akahamisha choo, utamwita mwizi. Akihamisha kitufe kutoka kulia kwenda kushoto, unamwita mhandisi."

Nilicheka. Kinachoniudhi hata leo ni kwamba mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Alikuwa na amri moja kubwa. Mtu akianza kumweleza kwamba simu imeandika sijui nini, vitu vya ajabu, alimkatiza: "Usinieleze. Soma kilichoandikwa." Neno kwa neno, kwa sauti, Kumasi yote isikie. Na hakumruhusu mtu kukata simu kabla hajasoma, hata kama kilichoandikwa kilikuwa cha aibu. Hasa kikiwa cha aibu.

Halafu alikuwa na mahubiri yake ya majina. Kila mashine ipewe jina, alisema, ili siku ukiangalia orodha ya mashine zilizofungua akaunti yako, umtambue mgeni. Kompyuta yake mwenyewe aliipa jina la mwalimu aliyemchapa darasa la tano, Mwalimu Gyasi. "Anachelewa kuamka," alisema, "anapata moto bila sababu, na ukimuuliza swali anazunguka tu." Utani huo aliurudia mpaka watoto wa Bantama waliujua kwa moyo.

Wakati huo mdogo wangu Afriyie alikuwa hasemi na mimi.

Alikuwa na mchumba, Boakye, kijana wa bohari ya saruji. Watu wa Boakye walikuja nyumbani kugonga mlango, yaani kuleta posa, chupa zao za vinywaji mkononi, mjomba wetu akazipokea, mambo yakaenda vizuri. Jioni hiyo hiyo Afriyie aliniandikia mimi dada yake, kwenye simu, maneno ya kumcheka mama mkwe mtarajiwa. Kwamba Maame Dufie anameza matonge ya fufu kama mtu anayeficha ushahidi. Kwamba Boakye hawezi kuoga bila kumwuliza mama yake maji yawe ya moto au ya baridi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wiki iliyofuata, picha za maneno hayo zilimfikia Maame Dufie kutoka namba asiyoijua. Wakaja kudai chupa zao, na moja mjomba alikuwa ameshainywa.

Maneno yale aliniandikia mimi peke yangu. Mngekuwa nyinyi mngemshuku nani? Niliapa kwa kaburi la mama, nikampa simu yangu aikague, nikalia. Afriyie aliniangalia tu. Akaacha kula kwangu, akaacha kupokea simu zangu, watu wakituuliza alisema hana dada. Sisi ndio tuliobaki wawili wa tumbo la mama yetu. Mume ningemtafutia mwingine. Dada mwingine ningempatia wapi?

Jumamosi ninayoisema, Ntiamoah alikuwa ameshammaliza mwalimu mmoja wa Asafo aliyesahau neno lake la siri. ("Ni jina la mbwa wako. Wote mnaweka mbwa. Hata mwizi anaanza na mbwa.") Simu nyingine ikaingia, sauti ya mwanamke, imekwaruza kama ya mwenye mafua.

"Daktari, kuna mtu anasoma simu yangu."

"Kila mwanamke wa Kumasi anasema hivyo. Una nini humo cha kusomwa? Bei ya nyanya?"

Nikacheka.

"Akili zangu timamu, Daktari. Maneno niliyomwandikia mtu mmoja yamefika kwa mtu mwingine."

"Basi huyo mtu mmoja ana mdomo. Hiyo si shida ya mashine, mama. Wewe hujui kuchagua rafiki, na rafiki mimi sina vipuri vyake."

Nikacheka tena, kile kicheko changu kirefu kinachopanda juu mwishoni, ambacho Mzee Ampofo alikipenda.

"Huyo anayecheka," sauti ikasema. "Ndiye huyo."

Nikaacha kucheka. Nilimjua hapo hapo.

"Naitwa Afriyie. Uchumba wangu umevunjika kwa maneno niliyomwandikia dada yangu Serwaa, huyo uliyekaa naye hapo. Nimekuja kwako Daktari unionyeshe kama ni yeye, na watu wote wasikie. Akishajulikana atafute mji mwingine wa kuchekea."

Alikuja kunichuna ngozi hadharani, mdogo wangu, na sikumlaumu. Nilimgeukia Ntiamoah nikijua atafurahi. Ndugu wawili wanaumana kwenye kipindi chake, mtu kama yeye angekula kwa mikono miwili. Badala yake alivua kofia, akaivaa tena.

"Dada Afriyie," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionishtua, maana sikuwahi kuusikia. "Simu hiyo imezeeka. Itupe. Njoo dukani Jumatatu nikupe nyingine, bei ya familia."

"Sitaki simu. Nataka kujua."

"Mambo ya ndugu hayaletwi redioni. Wasikilizaji, hebu tupate muziki kido..."

Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe. Nikauwahi, nikaweka wangu juu ya kitufe. Nataka mjue kwamba wakati huo sikuwa namshuku hata kidogo. Nilichotaka ni kusafishwa, na kama orodha ile ingenisafisha mbele ya Kumasi nzima, basi ingesomwa.

"Daktari, hakuna kukata simu mpaka mtu asome," nikasema. "Au sheria ni kwa wazee wa Tafo tu?"

Nyuma ya kioo Mzee Ampofo alikuwa anazungusha mkono kama mtu anayesaga nyama: endeleeni, endeleeni. Taa za simu zote zilikuwa zinawaka.

"Afriyie," nikasema, "fungua mipangilio ya simu. Gusa jina lako, halafu usalama."

"Siongei na wewe. Naongea na Daktari."

"Daktari amekabwa na kitu. Fungua. Kama ni mimi, jina langu utaliona hapo, na mimi ndiye nakuomba uangalie."

Tukamsikia anapumua. Jasho lilikuwa linamtiririka Ntiamoah shingoni, nikadhani ni kiyoyozi.

"Nimeona orodha ya mashine," Afriyie akasema. "Wanasema zimefungua akaunti yangu. Ziko..." Nikamkatiza kama Daktari:

"Usinieleze. Soma kilichoandikwa."

"Ya kwanza ni simu. 'Simu hii,' wameandika."

"Endelea."

"Ya pili ni kompyuta." Akalisoma kwanza kimoyomoyo. Aliporudi, mafua yote yalikuwa yamemtoka. "Imeandikwa Mwalimu Gyasi."

Chini ya studio yetu kuna saluni, na redio yao haizimwi. Kupitia sakafu nilisikia wanawake wakipiga yowe, wote kwa pamoja.

Kioo cha simu ya Afriyie kilipopasuka, kabla ya mambo ya kugonga mlango, ni mimi niliyemwelekeza duka la Adum, nikamwambia ataje jina langu apunguziwe. Aliiacha simu pale siku nzima, na neno lake la siri aliliandika mwenyewe kwenye kikaratasi, kwa sababu fundi alisema anahitaji kuijaribu ikishapona. Yote hayo yalinirudia nikimtazama Ntiamoah, na yeye alikuwa anaitazama maiki.

"Alinicheka," akasema. "Nilimwomba kwa heshima zote tutoke siku moja, akacheka. Dukani kwangu, wateja wamejaa. Mimi!"

Maiki ilikuwa wazi. Niliiacha hivyo.

"Daktari," nikasema, "wewe ni mwizi wa aina gani? Unaingia nyumba ya mtu, unaacha kitambulisho mezani? Mzee wa Tafo asiyejua kufuta mawaridi angekuzidi. Ungeipa hata jina la baba yako. Ila labda ulikuwa hulikumbuki."

Halafu nikacheka. Kicheko hicho hakikuwa cha mshahara. Nilimcheka mpaka akasimama, waya wa vipokea sauti ukamnasa shingoni, akavutana nao kama mbuzi mlangoni pa mchinjaji, na hapo nikazidi kucheka, na saluni ile chini ikanipokea. Alipotoka mlango haukufungika vizuri. Ulikuwa mbovu siku zote.

"Afriyie," nikasema, nikifuta macho. "Umesikia mwenyewe? Si mimi."

"Nimesikia."

"Basi njoo nyumbani. Nitapika, njoo tule."

"Nimesikia pia ulivyocheka kabla hujajua ni mimi. Ile ya nyanya. Na ile ya vipuri. Mtu analia kwenye simu, wewe unacheka kwa roho yako yote."

"Ni kazi, Afriyie."

"Najua. Na yeye alikuwa kazini."

Akakata.

Uchumba haukurudi. Maame Dufie alisema mwizi ni mwizi, lakini maneno yalikuwa ya nani? Ntiamoah alifunga duka, kwa sababu kila aliyepita aliingiza kichwa na kuuliza kama Mwalimu Gyasi yupo. Nasikia yuko Obuasi, anauza vifuniko vya simu, hatukani mtu. Mzee Ampofo alinipa kiti cha Ntiamoah kabla hakijapoa. Alisema simu hazijawahi kuingia vile tangu kituo kifunguliwe. Na kwa sababu kipindi hakiwezi kwenda bila kicheko, aliajiri msichana, Boahemaa, mtoto wa watu mwenye meno mazuri.

Kwa Afriyie nilikwenda. Nilisimama mlangoni na chakula mkononi mpaka kikapoa, nikarudi nacho.

Jumamosi yangu ya kwanza alipiga mama mmoja wa Suame. Simu yake inajizima yenyewe, na ndani kuna picha za marehemu mwanawe, anaogopa zitapotea. Niliona taa za simu zikiwaka zote. Niliona Mzee Ampofo nyuma ya kioo. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mama, mtoto alikufa mara moja," nikasema. "Wewe unataka kumwua mara ya pili kwa chaja ya karanga?"

Boahemaa akacheka. Kicheko chake ni kirefu, na mwishoni kinapanda juu.

Simu yangu ikawaka mezani. Ilikuwa Afriyie, mara ya kwanza tangu siku ile. Niliinyakua.

"Hongera," aliandika. "Huyu mpya anacheka vizuri kuliko wewe."

Nikaigeuza simu kifudifudi. Mama wa Suame alikuwa bado kwenye laini, anapiga kwikwi, anajaribu kunieleza kitu kilichotokea kwenye skrini.

"Usinieleze, mama," nikamwambia. "Soma kilichoandikwa."