Sanduku la Gerejini

Mtaa mzima ulimwita Cherehani kwa kazi yake ya ushonaji. Siku hiyo alikuwa akisafisha gereji ya babu yake, ambayo tangu gari liuzwe ilikuwa makao ya mende na makopo ya rangi. Akavuta turubai chakavu, akakuta sanduku la mbao. Akalifunua.

Randa tatu, patasi saba, keekee ya mkono ya kutobolea mbao. Ni zile zile! Ukoo wote ulizijua, maana ndizo zilizomfukuza baba yake nyumbani. Miaka kumi na tisa nyuma, babu, seremala wa kutegemewa, alirudi safarini akakuta sanduku halipo. Akaita ndugu wote, akamnyooshea kidole mwanawe: “Huyu kaniibia, kaenda kuuza.” Baba mtu aliapa mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Akaondoka na begi moja.

Cherehani alibaki kwa babu, akakua akiamini hivyo. Hata baba alipokuja kumtembelea kwake, yeye, mama wa watoto wawili, alibeba mkoba wake mpaka chooni. Baba aliona. Aligeukia dirishani, akasifia mapazia.

Sasa alipitisha kidole kwenye patasi. Kikatoka na mafuta mabichi, ya juzi tu.

“Babu!”

Mzee akaja akiburuta ndara. “Mke wangu, unaniita kama nyumba inaungua?” Kisha akaliona sanduku, utani ukamwishia mdomoni.

“Zilikuwa wapi, babu?”

“Darini. Kila nikisafiri nilizificha mahali tofauti. Safari ile nikasahau ni wapi.” Akalifunga sanduku. “Nilizipata mwaka uliofuata.”

“Mwaka uliofuata! Na ukanyamaza?”

“Nilishamtukana mbele za watu. Uso wangu ningeuweka wapi?”

“Ukaona heri uchafuke wa kwake.”

Mzee alisogea, akashusha sauti. “Tuseme umezikuta wewe leo, na mimi sikujua kitu. Atarudi, yataisha.”

Hapo ndipo Cherehani alipovunjika moyo kabisa. Alikuwa anangoja neno la samahani, kumbe anatafutiwa nafasi ndani ya uongo. Huyu ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kumchukia baba yake.

Akatoa simu, akampigia baba. Ilipokelewa upesi. “Mwanangu, kuna mgonjwa?” Hakuzoea kupigiwa bure.

“Hakuna, baba. Babu ana neno na wewe.” Akaweka sauti ya juu, akampa mzee ile simu.

Babu aliishika kwa mikono miwili.

“Shikamoo, baba,” sauti ilisema kutoka mbali, taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu iliyopigwa deki. “Baba? Upo?”

Mzee akakata.

“Mtandao mbovu,” alisema bila kumtazama mjukuu wake, huku simu ikianza kuita tena mkononi mwake.