Novena Haifungiwi Ugenini

Mama Novatus alimshika mdogo wangu kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akapiga kigelegele.

"Jamani, njooni muone! Kidonda cha paji la uso, palepale pa Mtakatifu Rita!"

Wamama wa jumuiya wakasogea. Wengine wakafanya ishara ya msalaba. Specioza akatabasamu kwa aibu, kama mtu anayesifiwa gauni jipya. Kile kidonda alikipata kwa kigoda. Januarius, mume wake, alimrushia kwa sababu ugali ulikuwa umepoa.

Nilitamani kuwatimua wote. Lakini waliokuja na rozari huwafungii mlango, na mama yetu mzazi alikuwa amekaa mle ndani, akiitikia kwa kichwa kila neno la Mama Novatus.

Specioza alikuwa amenikimbilia hapa Bariadi siku kumi hivi kabla ya hapo. Alishuka kwenye bodaboda akitokea Zagayu, kanga imemganda kichwani kwa damu. Nikamwosha, nikampikia uji, nikamwambia kule harudi tena. Mimi ni fundi cherehani. Nilimpa mashine yangu ya pili, akaanza kushona vitambaa vya mezani, na jamani, mkono alikuwa nao! Siku moja nilimtania kuhusu mteja wetu mmoja mwenye maringo, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Huko nyuma, jumuiya yao ya Zagayu ikaanza novena, sala za siku tisa, kwa Rita, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana, ili Januarius aongoke. Rita naye alikuwa na mume katili, walisema. Alivumilia, akasali, mume akabadilika. Basi wakasali, kila jioni nyumba nyingine. Ilipobaki siku ya tisa ndipo wakaja kwangu, maana Mama Novatus alikuwa na sheria yake ambayo mimi sijaiona katika kitabu chochote cha sala.

"Novena haifungiwi ugenini, mayu," aliniambia kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma. "Inafungwa kwenye kaya yenye shida, na mke wa kaya awepo apokee wageni. La sivyo tumesali bure."

"Januarius atamuua."

"Usimpe shetani nafasi."

Nikamgeukia mama. Akasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu! Nilimvuta Specioza pembeni, nikamsihi abaki. Alikuwa anakunja kitambaa ambacho hajakimaliza.

"Dada Anyesi," akasema, "nikibaki, watasema mimi ndiye niliyeiharibu novena."

Nikaenda naye Zagayu, mama naye akafuatana nasi. Alifagia uwanja, akapika, akatandika mikeka. Januarius alikuwa amevaa shati jeupe. Alimsalimia mama kwa mbali, "Mwadila, mayu," macho chini kama mkwe mwenye adabu, na kuku alimchinja mwenyewe. Ulipofika wakati wa maombi, kila mama akasema lake kwa sauti, mwenye nyumba amekaa hapo hapo: Bwana umwondolee pombe. Bwana umwondolee yule mwanamke wa Lamadi. Bwana uuzuie mkono wake usimpige mke wake. Mambo ambayo mume alidhani yanajulikana chumbani kwake tu yalimwagwa mbele ya majirani, moja baada ya jingine. Na yeye akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote. Mimi nilikuwa namtazama taya.

Tulipoaga, nilimshika Specioza mkono, nikamwambia twende. Mama akamshika ule mwingine. "Mwache na mume wake. Leo ndiyo siku ya kwanza ya ndoa yao." Wamama wakaondoka wakiimba.

Kesho yake nikapigiwa simu. Ati ameteleza kisimani.

Nilikuwa mmoja wa waliouosha mwili wake. Mgongo ule haukuwa mgongo wa mtu aliyeteleza, na kila mama aliyeshika maji siku ile aliuona. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakala, wakaelewana. Niliposema nakwenda polisi, mama aliniambia nisimvue nguo marehemu mbele za watu. Nilikwenda hata hivyo. Sikupata shahidi hata mmoja.

Na Januarius akaacha pombe. Akaenda kitubio, akarudishiwa Komunyo, sasa ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na jumuiya yenyewe wameipa jina la Mtakatifu Rita. Wagonjwa anawabeba kwa pikipiki yake bila kuwadai kitu. Kinachoniuma kuliko yote ni kwamba hajifanyi. Ameongoka kweli.

Mwaka huu, mwezi wa tano, pamba imeshaanza kuchumwa, walinialika kwenye sikukuu ya somo wao, Mtakatifu Rita. Nilikwenda kwa sababu ya kaburi. Baada ya Misa katekista akakaribisha ushuhuda, na Mama Novatus akawa wa kwanza kusimama.

"Tulimwomba Rita jambo lililoshindikana," akasema, akimwonyesha Januarius kwa mkono wote. "Tazameni jibu lake!"

Vigelegele vikapigwa. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Ni kweli," nikasema. "Mlimwombea Januarius, na Januarius amepona. Na mimi nilikuwepo, nilipiga magoti pamoja nanyi mpaka mwisho. Hakuna aliyemwombea Specioza."

Kisha Januarius akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kichwa kwenye magoti. Wamama wakainuka kwenye mabenchi, na kwa kitambo kidogo nilidhani wanakuja kwangu. Wakanipita. Wakamzunguka yeye, wakimbembeleza, pole baba, pole. Na mama yangu, ambaye kwa mila zetu hata mkono hampi mkwewe, alivua kanga yake ya mabegani, akainama, akamfuta machozi.