Shahidi wa Tatu

"Sikia, Tsige. Mwanangu nilimzika mwenyewe. Kama chumbani kwake kuna mtu anayegonga, basi huyo mtu yuko kichwani mwako."

"Sijasema kuna mtu, mama. Nimesema kuna kugonga. Kila siku saa nane mchana, darini, juu kabisa ya meza yangu ya kazi. Nashindwa hata kufikiri."

"Weka pamba masikioni."

Maneno hayo yalikuwa yakirushwa ngazini, ghorofa ya tatu ya jengo namba arobaini na moja huko Jemo. Mvua ya mwezi wa Hamle ilikuwa ikimwagika nje, na kila mlango umeachwa wazi kiasi cha sikio kupita. Mama Askale alisimama mlangoni kwake, shuka yake nyeupe ya netela ameivuta hadi kidevuni, mkono kaukaza kwenye fremu kama mtu anayezuia ng'ombe asitoke. Tsige, ambaye nyumba yake iko chini ya ile, alikuwa vidato viwili chini yake, na ndara miguuni, maana alipanda kwa hasira bila kutafuta viatu.

Mulu wa mlango wa pili, ambaye ugomvi ukianza huacha hata jebena ya kahawa ifurike jikoni, akajitia kati. "Labda ni bomba. Mabomba ya jengo hili yana tabia zake. La kwangu hukohoa."

"Bomba halifuti lilichoandika," Tsige akasema. "Hii hugonga haraka haraka, ikasita, ikarudi nyuma ikafuta, ikaanza tena. Ni kibodi, Mulu. Na naijua ni ya nani."

Gashe Werku, mzee wa chama cha mazishi cha jengo, alikuwa akipanda na mwavuli wake unaodondosha maji, naye akasimama. Yeye ndiye aliyesimamisha hema pale uani miezi saba nyuma, wiki ya pili baada ya Krismasi ya Genna, Surafel, mwana wa Mama Askale, alipofariki kwa homa ya siku nne.

"Binti," akasema polepole, "tulimsindikiza sote. Wewe ulilia mpaka ukashikwa mikono. Mwache mama wa watu apumzike."

Mama Askale akafunga mlango. Lakini kabla haujagonga fremu, Tsige aliuona uso wake, na haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa.

Surafel ndiye aliyemfundisha Tsige kuandika programu, na ndiye aliyemwingiza Debo. Debo ni ujima wa waandika programu wa nchi nzima, ila shamba lake liko mtandaoni: ukikwama unaandika swali, na wenzako wanashika majembe. Jukwaa lenyewe likiugua, lina ukuta wake pembeni uitwao Kasoro na Vituko. Hapo watu huripoti kitufe kisichoitika, picha iliyogeuka kichwa chini, swali la mwaka juzi linalojipandisha juu kama limepigiwa simu. Na hapo ndipo penye utani. Kila kasoro husingiziwa Pagume, ule mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya nchi hii, wenye siku tano, ambao mitambo ya kwingineko duniani haijawahi kuuelewa. Ukiandika kwamba ukurasa wako umekuwa wa zambarau, mtu wa kwanza kujibu atakwambia: Pagume hiyo, ndugu yangu, subiri ipite.

Ukuta huo una sheria moja tu, lakini ni chuma. Ripoti haisimami mpaka watu watatu, mbali na mwandishi, waione kasoro kwa macho yao na waandike "Nimeiona". Siku kumi zikipita bila watatu, inafungwa kama mambo ya kuota. Watatu wakitimia, mtambo hausubiri mtu: kilichotajwa kinazimwa papo hapo.

Siku ile ya ugomvi, saa nane ilipofika, Tsige alikuwa mezani, shingo ameikakamaza. Kugonga kukaanza juu yake. Surafel alikuwa na kibodi ya kizamani iliyolia kama mtu anayetafuna bisi, na sauti ilikuwa ileile. Bila kujua kwa nini, Tsige akafungua Debo.

Jina la Surafel lilikuwa na taa ya kijani, ya mtu aliyepo mtandaoni.

Akatazama mpaka macho yakamwasha. Mtu mmoja wa Gondar alikuwa ameuliza jambo la hesabu za tarehe, na chini yake jibu lilikuwa linaandikwa. Kugonga kuliposita juu, maandishi yalisita. Kuliporudi, yalirudi. Jibu likatoka, fupi, safi, na mwisho wake maneno ambayo Surafel aliyaweka kila mara: jaribu, kisha uniambie.

Tsige akafunika kompyuta kama mtu anayefunika sufuria ya maziwa yanayotaka kumwagika. Alipopata pumzi akajipa sababu, kama sisi sote tunavyofanya. Mwizi. Kuna mtu kaiba akaunti, kavaa jina la marehemu kama koti la mtumba, anatembea nalo mjini. Kule kugonga ni kwa jirani mwingine, saruji ya majengo haya hupitisha sauti upande wowote inaotaka. Jina la Surafel halitachezewa namna hiyo wakati yeye, Tsige, yupo. Akaandika ripoti: "Akaunti ya Surafel, mwenzetu aliyefariki, inawaka na kujibu maswali, kila siku saa nane hadi saa tisa."

Jibu la kwanza lilikuwa la kawaida. "Pagume hiyo."

"Tuko Hamle," akaandika Jirata wa Jimma, "na aliyeiondoa kasoro ya Pagume hapa Debo ni huyohuyo Surafel. Acheni mzaha, nitaangalia kesho." Kesho yake, dakika tano baada ya saa nane, akaandika: "Nimeiona. Jamani, amenijibu mimi. Nilikuwa sijamaliza kuuliza."

Alhamisi Feven wa Hawassa naye akaandika. "Nimeiona. Mimi silali tena upande wa meza ya kompyuta."

Wakawa wawili. Ukuta ulipoa ghafla. Watu waliokuwa wakibishana hata juu ya rangi ya kitufe sasa walipita kimya, maana hakuna aliyetaka kuwa wa tatu.

Ijumaa, kabla ya saa nane, Tsige alipanda tena, safari hii na viatu. Alitaka kumweleza Mama Askale mwenyewe, asije akasikia kwa Mulu. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri: mwizi, akaunti, jina safi. Mama alifungua, akamsikiliza mpaka mwisho hapo mlangoni, kisha akamshika mkono, akamvuta ndani.

"Ni saa nane mpaka saa tisa," akasema. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

"Nilidhani nasikia peke yangu." Akaketi kwenye kigoda kilichokuwa kimewekwa kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba uliofungwa. Kando yake palikuwa na pamba na kijiti cha kusokotea. Mtu angeona tu kwamba kigoda kile kimekaa hapo siku nyingi. Sakafu ilishaota alama za miguu yake. "Mimi huja nikakaa hapa. Simsumbui. Akiwa hai pia alikuwa hataki kusumbuliwa kazini."

"Mama, mwizi anaweza kuwa—"

Mama Askale akatoa ufunguo shingoni, ulipofungwa pamoja na msalaba, akafungua mlango. Chumba kilikuwa na kitanda kisicho na godoro na meza tupu kabisa. Vumbi juu ya meza lilikuwa limelala bila alama hata ya kidole.

"Kompyuta na vidude vyake nilimpelekea mtoto wa dada yangu mjini Dessie, siku ya arobaini," akasema. "Hata waya sikubakiza."

Tsige akainama kuchungulia chini ya meza.

"Hiyo ripoti yako," mama akauliza, "ikikubaliwa, inakuwaje?"

"Akaunti inazimwa."

"Na yeye?"

Hakuna mtu Debo aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Basi ifute, mwanangu. Nakuomba kama ningemwomba yeye. Nina saa moja tu kwa siku."

"Ikishaonwa na mtu mmoja, mwandishi haruhusiwi kuifuta, mama. Lakini wako wawili tu. Watu wameogopa. Wiki ijayo siku kumi zinakwisha, itafungwa yenyewe, na mimi sitaandika tena maisha yangu yote. Naapa."

Mama Askale akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Tsige akamwona akilegeza mabega.

Saa nane ikafika. Kugonga kukaanza juu ya meza tupu, hatua nne kutoka pale walipokuwa. Vumbi halikutikisika. Mama Askale alifumba macho kama mtu anayeota jua. Tsige alifungua simu, na taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Lakini leo hakuwa anajibu swali la mtu. Alikuwa kwenye ukuta wa Kasoro na Vituko, chini ya ripoti ya Tsige. Kugonga kukasita. Kukarudi nyuma, kukafuta kitu, kukaanza tena taratibu, kama mtu anayechagua maneno. Maandishi yakatokea:

"Nimeiona. Kwangu pia inatokea, kila siku. Nimejaribu kuitengeneza kutoka huku, nimeshindwa. Zimeni. Tsige, umeripoti vizuri."

Watatu walikuwa wametimia. Taa ya kijani ikazimika, na chumbani kugonga kukakatika katikati, kama mvua inavyokatika.

Wakasikiliza. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye mfereji wa nje, redio ya Mulu ikiimba mbali. Juu ya meza hapakuwa na sauti tena.

"Ameandika nini?" Mama Askale akauliza, macho bado ameyafumba.

Tsige angeweza kudanganya. Alikaribia kabisa. Kisha akayasoma yote, neno kwa neno.

"Nimeshindwa," mama akarudia. "Hilo neno alikuwa halisemi huyu. Amechoka kweli mwanangu. Na mimi nimekaa hapa namsikiliza akifanya kazi miezi saba, simwambii apumzike."

"Mama, nisamehe."

"Kaa chini."

Akainuka, akaenda jikoni. Walisubiri saa tisa, saa ya kufungua mfungo wa Ijumaa, ipite, Tsige kwenye kigoda cha korido, mama akikoroga mchuzi wa shiro ambao ulishaiva zamani. Kisha akaileta sinia ya injera, akaiweka juu ya mesob, meza yake ya ukindu, akavuta viti vitatu kuizunguka. Akanawa mikono. Akarudi koridoni, akausukuma ule mlango mpaka ukagusa ukuta, akasimama pembeni kama mtu anayempisha mwenzake.

"Haya, baba," akasema kuelekea mle ndani, kwa sauti ya kila siku. "Kazi imekwisha. Njoo ule."