Alama za Daftari la Maji

Mhariri wa jarida la watunza nyaraka ameniandikia mara ya nne. Anataka makala yangu kabla ya Ijumaa, na safari hii hakuanza hata na salamu. Simlaumu. Miaka miwili iliyopita nilisimama kwenye kongamano Dodoma, nikaonyesha picha za daftari moja la Newala, nikazungumza dakika ishirini bila karatasi, ukumbi mzima kimya. Niliposhuka alinishika mkono akasema, "Andika hivyo hivyo ulivyosema." Nikaitikia. Nikarudi Masasi kwenye masjala yangu, nikaziacha picha zilale kwenye kompyuta.

Daftari ni la Mzee Alfredi wa Lulindi. Baba yake alikuwa akiandikia humo foleni ya kisima, kule chini ya mteremko wa Newala, enzi kina mama waliposhuka alfajiri na kufika juu na maji jua likiwa utosini. Mbele ya kila jina kuna alama: duara, msalaba au mstari uliopinda. Mzee alinieleza maana zake siku nzima, tukitafuna korosho. Nani alirudi mikono mitupu, nani alimchotea mgonjwa, nani alianguka mteremkoni asiinuke tena. Kisha akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Niandike maana pembeni, Mama January?"

Nami, Claudia na cheti changu, nikamzuia. Nikamwambia waraka hauandikwi juu yake, hata na mwenyewe. Maana zake zitatoka kwenye makala, zimechapwa, na jina lake litakuwemo. Aliirudisha kalamu mfukoni.

Jana nilikaa niandike. Kwenye picha hakuna maelezo, kuna alama tu. Yote mengine niliyasema kwa mdomo yakaishia ukumbini. Duara nakumbuka, ni mikono mitupu. Msalaba na mstari vimenichanganya: upi ni wa aliyemchotea mgonjwa, upi ni wa aliyekufa? Nikibahatisha, nani atajua? Niliwaza hilo saa nzima, na naona aibu. Majina ni sitini na matatu, na wajukuu wao tunapishana nao sokoni. Siwezi kumuua kwa kalamu mwanamke aliyefika kwake na maji yake.

Leo asubuhi nikapanda bodaboda hadi Lulindi. Theodora, binti wa mzee, alikuwa uani anaanika mihogo.

"Karibu, Mama January. Umepotea sana."

"Nimepotea kweli. Baba yupo?"

"Yupo. Alipigwa kiharusi wiki ya Pasaka, hasemi." Akafuta mikono kwenye khanga. "Kabla ya hapo kila mwezi alikuwa anauliza kitabu chake. Kimetoka?"

"Bado."

"Lakini alama si unazo? Alikueleza zote."

Kazi yangu ni kutunza maneno ya watu, na ya huyu mmoja sikuyaandika.

Mzee alikuwa barazani, mkono wa kulia umelala mapajani. Nikamwamkia, midomo ikacheza upande mmoja. Theodora akaleta daftari, bado limo kwenye bahasha niliyompa mwenyewe. Nikalifungua magotini pake, nikagusa msalaba.

"Baba, huyu alikufa?"

Akaitikia kwa kichwa. Moyo ukanitulia. Nikagusa alama ile ile tena. "Au alimchotea mgonjwa?"

Akaitikia vile vile.

"Siku hizi huitikia kila kitu," Theodora akasema taratibu.

Nikatoa kalamu yangu, nikaiweka kwenye mkono wake wa kushoto, nikausogeza pembeni mwa ukurasa. "Andika maana, baba. Hapa hapa. Nakuruhusu."

Aliitazama kalamu, kisha akaiachia ikaanguka sakafuni. Akaufunika ukurasa kwa kiganja chake, akanitazama usoni na kutikisa kichwa kunikataza. Nilichomfundisha alikuwa hajakisahau.