Kura ya Jogoo na Mbuzi

Bwana Shauri, yule Mzungu afisa wa wilaya, alikuja kijijini kwetu karibu na Manyatta, Embu, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa hamsini na sita, na sanduku la bati lenye tundu juu. Alisema mwaka unaokuja Waafrika watachagua mtu wao wa kwenda kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi, na kabla ya kuchagua ni lazima tujifunze. Kwa hiyo angetupa jambo dogo tulipigie kura.

Kwetu halikuwa dogo. Tangu serikali itutoe kwenye maboma yetu kwa sababu ya vita vya msituni na kutukusanya katika kijiji kilichozungushiwa handaki, lango lilikuwa linafunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa kumi. Mashamba yako mbali, karibu saa nzima kwa mwenye mtoto mgongoni. Ukifika unang'oa nduma mbili tatu na unarudi mbio, maana aliyechelewa alipigwa. Asubuhi yote tulikuwa tukichimba handaki, au tukipalilia kahawa ya Kithaka, hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Hiyo nayo iliitwa kazi ya umma.

Jirani yangu Rwamba ndiye aliyeumia zaidi. Mume wake alikuwa kizuizini, na binti yao Mwendwa, wa miaka miwili, alikuwa ameanza kuvimba miguu na nywele zake kuwa nyekundu. Muuguzi wa misheni alimwambia ampe maharagwe na mboga, ampe na maziwa akipata. Maharagwe yalikuwa yanakaukia shambani.

Bwana Shauri akaonyesha karatasi yenye picha mbili. "Anayetaka lango lifunguliwe asubuhi, aweke alama kwa jogoo. Anayetaka libaki mchana, aweke kwa mbuzi. Na kura ni siri. Hata mimi sitajua."

"Na jogoo akishinda, tutamla?" akauliza mzee Kiogora, na watu wakacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko cha watu wengi pamoja muda mrefu.

Karani wa Bwana Shauri alikuwa mgonjwa. Bwana Shauri akauliza nani anajua kuandika vizuri, watu wakanisukuma mbele. Nilisoma hadi darasa la nne, na tangu mume wangu afariki mimi ndiye ninayetunza kadi za washirika kanisani.

"Mtu mmoja kila nyumba, karatasi moja, Mama Celina," akaniambia, akinipa karatasi za kura nizitayarishe kwa kesho.

Nilikaa na hizo karatasi usiku kucha zikiwa safi mezani, nikifikiri juu ya Kithaka. Nilijua watu wake wanaweza kupiga mara mbili. Nikaomba Mungu anipe njia ya haki. Kanisani kila kadi ina namba, ndiyo maana hakuna anayeshiriki kwa kadi ya mwingine. Basi nikafanya vivyo hivyo. Nyumba zote za kijiji zilikuwa na namba mlangoni, nikaandika namba ya nyumba kwenye pembe ya kila karatasi, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kesho yake Bwana Shauri akazitazama. "Kazi safi sana," akasema. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata mimi sikuona kitu.

Watu walipanga mstari kama siku ya Ushirika Mtakatifu. Rwamba alipotoka kwenye kile kibanda alikuwa anatabasamu.

"Mama, nimemwekea jogoo alama kubwa, asije akasema hakuiona."

"Nyamaza, ni siri."

"Siri gani? Kuna mtu hapa anataka mbuzi?"

Walikuwepo tisa. Jogoo alipata mia moja na kumi na mbili. Bwana Shauri akapiga makofi, nasi tukapiga. Halafu Kiogora akauliza, "Basi kesho lango ni saa ngapi?"

Bwana Shauri akaonekana kama mtu aliyeulizwa jambo la nyumbani kwake. "Hapana, hapana. Haya yalikuwa mafunzo. Saa za lango ni mambo ya usalama. Lakini mmejifunza vizuri kuliko vijiji vyote." Akamwambia Kithaka azichome zile karatasi, akapanda Landrova akaenda.

Kithaka hakuzichoma. Asubuhi alisimama mbele ya mstari wa kazi na lile sanduku miguuni, akitoa karatasi moja moja. "Nyumba ya tatu. Nyumba ya nne. Nyumba ya saba, mlevi wewe, unajua jogoo?" Kila aliyeitwa alihamia upande wa kushoto. Mwanzo sikuelewa. Halafu nikauona mwandiko wangu kwenye pembe ya karatasi aliyoishika.

Nilingoja namba yangu. Nami nilikuwa nimempigia jogoo. Haikuitwa.

Walioitwa walinyimwa lango siku kumi na nne. Kithaka aliponipita alisema polepole, "Yako niliiruka, Mama. Bila wewe ningewajuaje?"

Mchana nilitoka na wale tisa. Nilichimba hadi kucha zikauma, lakini langoni askari alipima kiondo changu akamwaga chote kilichozidi chakula cha mtu mmoja. Nilichobaki nacho nikampelekea Rwamba. Alikipokea bila kunitazama.

"Uliandika kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka wasiibe."

"Nani angeiba? Tulikuwa mia na zaidi, Mama. Wangeiba ngapi?"

Niliomba msamaha. Akasema amesamehe, kama mtu anavyosema ameshiba.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya Kithaka aliniletea karatasi ya uaminifu, ya kuthibitisha kwamba niko upande wa serikali, maana kwetu Embu hakuna aliyeruhusiwa kupiga kura ile ya kweli bila hiyo. Umri wangu na shamba la marehemu mume wangu vilitosha kunipa haki ya kura, alisema, na kazi yangu nzuri ikamaliza. Tulipewa watu saba kijiji kizima. Ningekataa? Aliyekataa uaminifu alijulikana ni nani, na mahali pa kupelekwa palijulikana. Niliipokea kwa mikono miwili.

Siku ya kura lango lilifunguliwa saa moja asubuhi. Kwa ajili yetu saba. Tulipandishwa lori, na lori likapita kando ya shamba langu, umande bado uko kwenye majani ya maharagwe. Nikamwomba askari dakika tano tu, kuna mtoto mgonjwa.

"Leo ni kura, Mama. Shamba ni mchana."

Nilipiga kura. Tulirudi saa kumi na robo, lango likafungwa nyuma yetu.

Rwamba alikuwa ameketi mlangoni, Mwendwa mapajani, uso umejaa maji, macho hayafunguki vizuri.

"Umemchagua nani?"

Nikamtajia jina.

"Ni mtu mzuri?"

"Wanasema ni mzuri. Amesoma."

Akamfuta mtoto mdomo kwa pembe ya leso. "Na akifika huko Nairobi, atajua tuko hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimefundisha watoto wa kanisa miaka kumi na miwili wasiseme uongo. Nikaketi chini kando yake, na tulikaa hapo mpaka firimbi ya kuingia ndani ikalia.